Kipande Kisichofyekwa



Kila Jumamosi ya salongo tunaingia katika uwanja wa parokia na mapanga na majembe, na kabla ya adhuhuri hakisalii ila udongo mtupu. Kazi hiyo tunaiita usafi. Sisi wenyewe tumeifanya miaka mingi kwa moyo mweupe. Leo tunakiri kwamba tulipita kiasi.

Tazameni maboga yanayotambaa nyuma ya nyumba zetu. Ua dume liko peke yake, ua jike peke yake, na upepo haufai kitu, kwa maana chavua yake ni nzito, tena inanata. Nyuki asipopita asubuhi ua likiwa wazi, linanyauka bila tunda. Lakini maboga huchanua majuma machache tu, na mwembe vivyo hivyo. Miezi mingine nyuki atakula nini? Hula yale tunayoyafyeka: kishonanguo na maua mengine ambayo hakuna aliyeyapanda. Ni kama kumwita kibarua siku ya kazi, kisha kumnyima chakula mwaka mzima.

Hayati Papa Fransisko, katika aya ya 34 ya waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alisikitika kwamba sumu za kilimo huangamiza hata wadudu wanaomfaa mkulima. Na katika mkesha wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka huitaja kazi ya nyuki mbele ya mshumaa unaowaka. Tunaiimba, kisha Jumamosi inayofuata tunafyeka.

Tunapendekeza basi kila parokia, toka bonde la Ruzizi hadi Makobola, iache kipande kimoja kichanue. Akina mama watataja nyoka. Wana haki, wala hatuwacheki. Kipande kiwe pembeni, mbali na madarasa na njia ya watoto, na kandokando yake pafyekwe. Kikatwe mara moja kwa mwaka, kiangazi kinapoanza na mbegu zimekwisha kudondoka. Kisichomwe moto. Mbegu hazinunuliwi, nyingi zimo udongoni tayari.

Tulioona Mulongwe ukifurika Aprili 2020 tunayo sababu nyingine. Nyasi hazitazuia mto, tusidanganyane. Ila kwenye mteremko mizizi yake huushika udongo ambao mvua ingeusomba hadi ziwani.

Ruhusa ya paroko iombwe kabla ya salongo ijayo. Hatua kumi kwa kumi zinatosha kuanzia, na vigingi vinne.