Madoa ya Wadudu Juu ya Rangi ya Motokaa

Mvua za kwanza zikisha kunyesha, nchi ikalowa na jua likachwa, kumbikumbi hutoka katika vichuguu kwa maelfu na kuifuata nuru yo yote waionayo. Taa za motokaa nazo ni nuru. Basi mwenye kusafiri usiku ule, akitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, au Mombasa kwenda Voi, hufika kwake na uso wa gari umejaa mbawa, miguu na ute wa manjano, toka bampa mpaka kioo. Husema moyoni, "Nimechoka, tutaosha kesho." Na kesho ni Ijumaa, na baada ya Ijumaa huja wageni, na baada ya wageni huja kazi. Hapo ndipo khasara inapoanza, nasi twataka kuieleza leo, kwani nyumba nyingi motokaa ndiyo mali kubwa kupita zote baada ya nyumba yenyewe. Na kwa wenye kupanga, ndiyo ya kwanza.

Yafaa kwanza, ndugu wasomaji, tufahamu rangi ya motokaa ni kitu gani, kwani wengi hudhani ni tabaka moja tu lililopakwa juu ya bati. Sivyo. Chini kabisa ni bati, juu yake ni rangi ya kuzuia kutu na kushikisha, kisha ni rangi ile tuionayo, nyekundu au nyeupe, na juu ya yote, katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980, ni tabaka lisilo na rangi, mfano wa vanishi, ambalo mafundi wetu huliita "klia". Mng'aro wote wa gari umo katika tabaka hilo, na aghlabu ni jembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani. Anayelikwaruza hana akiba kubwa ya kukwaruza.

Na mdudu naye ni nini? Gamba lake ni gumu, na ndani yake mna ute unaofanana na ute wa yai. Jee, ute wa yai ukimwagika juu ya kikaango cha moto huwaje? Huganda, hushika, wala hautoki kwa kufutwa. Bati la gari jeusi lililoachwa juani wakati wa adhuhuri huweza kupita nyuzi 60 za joto, na ute wa yai huanza kuganda karibu na joto hilo. Kwa hivyo gari lililolala na wadudu likaamkia juani, ni kama kwamba limewapika.

Tena mzoga huoza, na katika kuoza huwa mkali. Jambo hili limechunguzwa sana katika jimbo la Florida, Marekani, ambako wako inzi wadogo weusi warukao wawili wawili, dume na jike wameshikana. Hutokea mara mbili kwa mwaka, karibu na Aprili na Mei, na tena Agosti na Septemba, na hujaa juu ya barabara kuu mchana kweupe. Wataalamu wa huko waliupima uchachu wa maji ya mizoga hiyo. Kipimo chao ni hiki: maji safi ni 7, na kila hesabu ikishuka uchachu huzidi, kila daraja moja mara kumi. Mizoga mipya ilikuwa 6.5, yaani karibu sawa na maji. Lakini baada ya kukaa siku moja ilishuka mpaka 4.25. Atakayepiga hesabu ataona ya kuwa uchachu umezidi zaidi ya mara mia kwa muda wa siku moja! Kumbikumbi wetu si inzi wale, lakini kuoza ni kule kule. Uchachu huo pamoja na joto hula lile tabaka la juu na kuacha kishimo chenye umbo la mdudu mwenyewe, na hapo si doa tena, ni kidonda, wala sabuni haikitibu. Huwa sharti fundi alipunguze tabaka zima kwa dawa ya kung'arishia mpaka lilingane na kishimo, na kazi hiyo hairudiwi mara nyingi.

Sasa tuje kwenye kuosha. Kila mama wa nyumbani ajua ya kuwa sufuria iliyoshika uji huloweshwa kwanza. Asiyejua huchukua kisu. Motokaa ni hivyo hivyo. Liwekwe gari kivulini, na bati liwe limepoa. Chukueni taulo kuukuu la pamba, mlichovye katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea gari, mlilaze juu ya boneti na bampa, mliache muda wa dakika 10 au 15. Likianza kukauka, liongezeni maji. Kisha futeni kwa kitambaa laini bila ya kukandamiza, na kila mara kigeuzeni na kukisuuza katika ndoo nyingine, kwani vipande vya magamba vilivyonaswa katika kitambaa huchora rangi kama mchanga. Yatakayobakia, yaloweshwe tena. Subira ya pili hutoa yaliyoikataa ya kwanza. Na kazi hii yote haihitaji bomba la maji liachwe wazi likimwagika mpaka barabarani. Ndoo mbili au tatu zatosha, na zaidi ya hapo ni israfu.

Kwa madoa ya siku nyingi yako maji maalum ya kuondolea wadudu, mengine yana vimeng'enya vyenye kuuvunja ule ute. Hupakwa, huachwa kwa muda ulioandikwa juu ya chupa wala si zaidi, kisha husuuzwa vyema.

Vijana, hapa twasema nanyi khasa, kwani ndinyi mnaopewa ndoo. Msitumie petroli wala tina. Hutoa doa kweli, lakini huondoa na nta, na tina huweza kuilainisha rangi yenyewe. Na moto, Mungu apishe mbali, haungoji kuitwa mara mbili. Msitumie majivu, wala msasa, wala waya wa kusugulia sufuria, wala lile dodoki la kijani la jikoni. Tumeona boneti iliyosuguliwa kwa bidii na kijana mwema aliyetaka kumfurahisha baba yake: wadudu walitoka wote, na tangu siku ile kila jua likiipiga huonekana mistari ya duara kama utando wa buibui. Bidii yake ilikuwa kubwa. Kilichokosekana ni maji na robo saa.

Kioo cha mbele kina hukumu yake, kwani hapo si jambo la uzuri bali ni la roho za watu. Dereva akiona kioo kimechafuka usiku hukimbilia kuzungusha waipa, na zikiwa kavu huusambaza ule ute kioo kizima. Taa za gari lijalo zikiipiga tandu hiyo, mbele huwa weupe mtupu. Tangi dogo la maji ya kioo na lijazwe kabla ya kuondoka, na ikiwa kioo hakikutakata, lisimamishwe gari mahali pa salama, kifutwe kwa mkono. Kadhalika tazameni rejeta, kwani kumbikumbi wakiziba matundu yake hewa haipiti na injini huchemka. Huoshwa ikiwa imepoa, kwa maji ya nguvu ndogo, toka upande wa ndani kwenda nje.

Ndugu zetu wa Kisumu, Mwanza, Bukoba na Entebbe wana mtihani wao, nao ni wale wadudu wadogo wa Ziwa Viktoria wapaao kama nguzo za moshi juu ya maji. Hao hutoka kwa wingi aghlabu karibu na mwezi mwandamo, na msomaji wetu ambaye hutazama mwezi kila mwisho wa mwezi hana haja ya kuambiwa tarehe. Siku mbili tatu kabla yake apake gari nta. Nta iliyo maarufu kwa kazi hii hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mnazi umeao kaskazini-mashariki ya Brazil, nayo huufanya ute usishike sana juu ya rangi. Kujua kama nta ya zamani ingalipo ni rakhisi: mwageni kikombe cha maji juu ya boneti safi. Yakikusanyika matone matone kama umande juu ya jani la myugwa, ipo; yakitandaa yote, imekwisha.