Si mlozi, ni panga

Safari hii tunataka kugombana nanyi kidogo, wala hatutaficha, kwani jambo lenyewe limekwisha kutoa machozi katika vijiji vyetu vya Kivu, na machozi mengine yametoka kwa makosa yetu sisi tunaoandika. Ni habari ya ugonjwa wa migomba, ule unaogeuza majani kuwa manjano na kuyanyausha, unaoivisha ndizi kabla ya wakati wake, hata mtu akiipasua anakuta ndani rangi ya kutu, na akikata shina anaona utomvu wa manjano ukitoka polepole kama usaha. Wataalamu huuita mnyauko wa bakteria. Asiyeuona shambani kwake mwaka huu ataweza kuuona mwaka ujao, asipoangalia.

Basi watu wanasema nini? Wanasema: fulani ameloga. Wanasema: mbona migomba ya jirani imesimama na yangu imekufa, nasi tunapakana mpaka mmoja? Sisi tunawajibu: kwa sababu jirani hukata kwa panga lake mwenyewe, nawe uliazima la mtu aliyetoka kukata mgomba mgonjwa. Hakuna siri nyingine. Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa katika maji ya mgomba. Panga likikata mgomba mgonjwa linalowa maji yale, likikata mzima linayapanda mle ndani, kama mtu achanjaye chanjo, ila hii ni chanjo ya kufa.

Tunajuaje? Tunajua kwa kuwa sisi wenyewe tulifanya. Miaka michache imepita, tuliita salongo ili kusaidia wajane wanne wa kilima chetu. Tulikwenda watu kama ishirini, na mapanga yetu, na nyimbo, na furaha ya watendao mema. Tulianza kwa shamba la chini ya barabara, la koko mmoja aliyekaa peke yake. Pale tuliona migomba miwili au mitatu yenye majani ya manjano. Tukasema: ni jua. Tukaikata majani, tukaisafisha, tukapanda juu kwa mjane wa pili, na wa tatu, na wa nne, wala hakuna hata mmoja wetu aliyefuta panga lake. Haikupita miezi miwili, mashamba yote manne yakawa manjano.

Hapo wakubwa wa kilima walikutana. Walihesabu wakaona ya kwamba ugonjwa ulianza kwa koko yule, kisha ukapanda kwa wengine kwa taratibu, kama mtu anayetembea nyumba kwa nyumba. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa! Aliyetembea ndiye waliyemkosea. Walimwendea mmoja wa wale wanaojiita wenye kuona, akapokea mbuzi wake, akamtaja koko. Usiku ule walimbomolea nyumba. Yeye alikimbilia kwa binti yake, mwendo wa siku moja kwa miguu, na hata leo hajarudi.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwapo. Siku ile hatukujua bado. Lakini baadaye agronomu mmoja alipita, akatuuliza tulikata kwa nini na tulianza wapi, akatueleza yote, nasi tukaelewa. Tangu tulipoelewa, tulinyamaza majuma mawili kwa haya, tukifundisha watoto amri ya nane kana kwamba haituhusu. Tunayasema haya ili msituambie ya kwamba tunawahukumu wengine tukiwa tumekaa juu ya kiti.

Sasa fikirini habari ya safari ya ugonjwa huu. Uliandikwa mara ya kwanza Uhabeshi, mwaka 1968, katika mmea unaoitwa enseti, ndugu wa mgomba, ambao watu wa kule hula shina lake; mwaka 1974 ukaandikwa katika migomba yenyewe ya nchi ile. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule kwetu Masisi. Mwaka 2005 Rwanda, mwaka 2006 Tanzania na Kenya, mwaka 2010 Burundi. Tunawauliza wenye kuona: koko wetu, asiyeweza kushuka mtoni bila fimbo, alifika Uhabeshi kwa njia gani? Na ni mlozi gani huyu asiyechoka mipaka, asiyeulizwa karatasi? Lakini mapanga huvuka mipaka, na miche ya kupanda huvuka, na mikungu iliyofunikwa majani juu ya baisikeli, na nyuki.

Nyuki, ndiyo, nao wamo. Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu hutoa utamu, nao wadudu huja kunywa. Wakitoka katika ua la mgomba mgonjwa wanabeba vijidudu kwa miguu yao hata ua la mzima. Ndizi za kasiksi hupata ugonjwa kwa njia hii kuliko nyingine, ndiyo maana wapenda kasiksi ndio waliolia kwanza. Katika vilima virefu sana wadudu wanaofanya kazi hii ni wachache. Lakini panga halijali baridi.

Kuna wengine ambao hawamtaji mlozi. Ni watu wa akili, wamesoma. Hao wanangoja dawa. Sokoni wamekwisha kununua unga mweupe na unga wa kijivu, na chupa isiyo na maandishi, wakapulizia migomba hata wao wenyewe wakakohoa. Wapenzi, dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kupatwa haipo. Anayewauzia ni mwizi, hata akivaa koti jeupe. Wengine hutukumbusha mihogo: katika miaka ya 1970 kidudu cheupe chenye unga kiliingia nchini kwetu kutoka Amerika ya Kusini, kikakunja majani ya mihogo na kuleta njaa, ndipo wataalamu wakaenda hata Paraguay, wakaleta nyigu mdogo mwenye kukiua, wakamwachilia Nijeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingi, na mihogo ikapona bila mkulima kufanya kitu. Habari hiyo ni ya kweli, nasi twaifurahia. Lakini ni mbaya ikitumika kama mto wa kulalia. Kidudu cha mihogo kilikuwa na adui wa kumla. Ugonjwa huu wa migomba adui tulio naye leo ni mikono yetu tu.

Tuna ugomvi pia na waliotoa amri ya kung'oa. Kwa miaka mingi mkulima aliambiwa: ukiona shina moja gonjwa, ng'oa kisiki chote, na machipukizi yote, na mizizi. Wenye nguvu walijaribu. Je, mjane mwenye watoto watano, mwenye jembe moja, atang'oa visiki arobaini? Akishaving'oa watakula nini mpaka migomba mipya izae? Basi watu walifanya nini? Walificha. Walikata majani ya manjano usiku ili mkaguzi asiyaone, na kwa kukata huko wakazidi kuueneza. Wala msiwashangae. Tangu mwaka 1917 amri ya Wabelgiji iliwalazimisha wazee wetu kulima mazao ya serikali, hata siku 60 kwa mwaka, na asiyelima alifungwa au alipigwa kiboko. Mtu ambaye babu yake alipigwa kwa ajili ya pamba hafungui shamba lake upesi kwa mwenye kofia na daftari. Nao wenye daftari wangalikumbuka hayo kabla ya kutuita wakaidi.

Tena kung'oa kisiki chote si lazima. Majaribio yaliyofanywa huku huku Kivu yalionyesha ya kwamba vijidudu haviingii katika machipukizi yote ya kisiki kimoja; mengi hubaki mazima na kuzaa. Yatosha kukata shina gonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, mara linapoonekana, na kulitazama shamba tena kila juma, bila kuchoka, kwa maana lingine laweza kujitokeza baada ya miezi. Kazi hiyo mjane anaiweza. Ua jekundu livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara chane ya mwisho inapokwisha kutokea. Wengine wanatuambia ya kwamba mkungu utakonda. Sivyo, ndizi hunenepa, kwani chakula cha ua kinabaki kwao. Mbuzi wafungwe, maana nao wakitafuna mgomba mgonjwa huupeleka mbele. Na miche isichukuliwe katika shamba lililougua, hata kama ni ya shemeji na inatolewa bure.

Na panga? Panga lipitishwe motoni kila mara, kati ya mgomba na mgomba, mpaka likatae kushikwa. Au lioshwe kwa maji ya javeli, kwa mwenye fedha ya javeli. Wengi watasema: hii ni kazi ya kuchosha, tutamaliza lini? Ni kweli, inachosha. Nasi tumechoka. Wapo pia waliokimbia vita na kurudi baada ya mwaka mzima, wakakuta nyasi zimefunika shamba na hakuna aliyevunja ua hata moja; hao hatuwezi kuwalaumu, tunaweza tu kwenda kuwasaidia, na mapanga yaliyopita motoni.

Habari ya koko haijakwisha. Tulisimama mbele ya watu, tukasema ya kwamba ni sisi tulioleta ugonjwa kwa wale wajane watatu. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na mmoja wa wale waliobomoa nyumba alitoka bila kuaga. Tulimpelekea koko ujumbe. Alijibu ya kwamba atafikiri. Shamba lake lilikaa miezi sita bila mgomba, tulipanda humo maharagi, kisha tukapanda miche mizima kutoka mbali. Nyumba bado, kuna miti tu.

Jumamosi ijayo kuna salongo tena. Moto utawashwa pembeni ya shamba la kwanza, na asiyetaka kupitisha panga lake motoni atapewa ufagio, akafagie njia.