Unga wa Uyoga na Kinga ya Mwili

Huenda nawe umeshaletewa nyumbani kopo la unga, vidonge au kahawa ya uyoga uitwao Ganoderma. Wachina huuita lingzhi, Wajapani reishi. Anayekuletea mara nyingi si mgeni. Ni jirani, pengine mwanajumuiya mwenzako, naye ameandikishwa na mwingine ili auze. Neno lake ni moja: “Huongeza kinga.”

Si uongo mtupu. Ndani ya uyoga mna sukari ngumu ziitwazo beta-glukani, ambazo huziamsha chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili wetu. Japani iliidhinisha mwaka 1985 dawa ya sindano itokanayo na uyoga wa shitake, itumike pamoja na dawa nyingine za saratani ya tumbo. Pamoja nazo, si badala yake, tena hospitalini na kwa kipimo kinachojulikana. Kopo la mlangoni ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu Ganoderma yenyewe, watafiti wa Cochrane walipitia mwaka 2016 majaribio 5 yenye wagonjwa 373 wa saratani. Chembe za kinga ziliongezeka kidogo tu, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuufanya uyoga huo kuwa tiba ya kwanza.

Hofu yangu hasa ni kwa ndugu zetu wanaoishi na VVU. Kirusi hiki huingia ndani ya askari yule yule, chembe ya CD4, na kujizalisha humo. ARV humzuia asizaliane. Kumwongezea nguvu askari huku adui yumo tumboni mwake kunasaidia nini? Tulikwisha kuona mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wapo walioacha ARV baada ya kunywa. Kikombe kile kilikuwa shilingi 500. Kopo la uyoga ni ghali mara nyingi zaidi, na fedha hiyo ingenunua dagaa, mayai na maharage ya nyumba nzima. (Uyoga wa kichuguu tunaouchuma mvua zikinyesha, ukiungwa kwa karanga, ni chakula kizuri, wala haumdai mtu aandikishe wenzake.)

Tena unga huo si wa kuchezea. Wapo watu waliodhurika ini baada ya kuutumia. Unaweza pia kuchelewesha damu kuganda, hivyo mwenye kutumia warfarini au anayengojea upasuaji asiuguse bila ushauri wa daktari.

Ikiwa umeshaununua, usiufiche. Siku yako ya kliniki, iwe Bugando, Sekou Toure au zahanati ya jirani, lichukue kopo lenyewe, umwonyeshe mganga au muuguzi kabla hajakuandikia dawa.