Toa Mzigo Kwanza!

Jamani, vijana wanafunga spoila na spika kubwa kwenye gari, halafu eti limeongezwa mbio. Limeongezwa uzito tu! Lotus Elise ya 1996 ilikuwa na kilo 725 hivi na nguvu za farasi 118. Gari la kilo 1,300 litahitaji farasi kama 212 kufikia uwiano huo. Tena gari jepesi husimama upesi na kukata kona vizuri. Turbo haikupi hayo. Turbo mpya na breki za zamani ni kutuhatarisha sote barabarani.

Mimi huandika programu. Ikiwa nzito, nafuta mistari isiyo na kazi kabla ya kununua kompyuta mpya. Basi toa makorokoro kwenye buti, jaza tairi upepo sawasawa, ndipo tuongee injini. Lakini mikanda usiguse!