Kabla ya betri ya moyo, ulizeni mkono wa fistula

Mgonjwa wa figo akiambiwa moyo wake unahitaji betri, yaani kifaa cha kuchochea mapigo, ndugu huanza kwa kuuliza bei. Mimi, muuguzi mstaafu ninayelima migomba hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, nasema waanze na mkono.

Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki anaishi kwa fistula: ateri na vena za mkono zimeunganishwa, vena ikatanuka na kukomaa hadi kuhimili sindano. Betri ya kawaida nayo hufukiwa chini ya ngozi ya kifua, mara nyingi kushoto, na nyaya zake hupita katika vena kubwa iliyo chini ya mtulinga mpaka moyoni. Fistula ikiwa upande huohuo, damu yake hurudi kwa njia hiyohiyo. Waya ukikaa humo miaka, vena huweza kufanya kovu na kusinyaa. Mkono unavimba, fistula inakufa. Tena vijidudu vikipenya kwenye damu hujishikiza kwenye waya, na hapo mara nyingi lazima mtambo mzima ung'olewe.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kiwandani ambaye naye husafishwa damu, alianza kuanguka njiani akienda msikitini. Mapigo yalikuwa chini ya 40 kwa dakika. Mkewe akaja kwangu: "Dada, wanasema betri. Tuuze kiwanja?"

"Subiri, mdogo wangu. Potasiamu yake imepimwa?"

Figo zikishindwa kutoa potasiamu, mapigo ya moyo hupungua, na sisi wa Uluguru ndizi, zenye potasiamu nyingi, ndicho chakula. Vidonge vya presha kama atenolo navyo hutolewa na figo. Vikijikusanya, hupunguza mapigo. Wako wanaopona kwa kusafishwa damu na kubadilishiwa dawa tu. Mzee alifanyiwa yote mawili, mapigo hayakupanda. Betri ilihitajika kweli.

Basi ipi? Nyaya zikipitishwa upande usio na fistula, mkono wa leo unanusurika, ila ule wa akiba unaingia hatarini. Nyaya zikishonwa juu ya ukuta wa nje wa moyo, vena zote zinabaki salama, lakini upasuaji ni mkubwa zaidi. Ya tatu haina waya kabisa: ni ndogo kama kidonge cha kapsuli, hupitishwa kwenye vena ya paja na kuachwa ndani ya moyo. Marekani iliruhusu ya kwanza mwaka 2016, na mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2021 unawataja wanaosafishwa damu miongoni mwa wanaostahili kufikiriwa kuwekewa. Haimfai kila mtu, maana nyingi huchochea chumba kimoja tu cha moyo. Na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida.

Bei hiyo ndiyo iliyomshinda mzee. Aliwekewa ya nyaya, kulia, mbali na fistula yake. Siwalaumu waliochagua, walichagua wakijua. Lakini wanaopanga mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wasilinganishe bei ya kifaa kwa kifaa. Kwenye ile ya nyaya waongeze gharama ya kutengeneza fistula mpya, mpira wa shingoni wa kusafishia damu wakati wa kuisubiri, na kulazwa kwa maambukizi.

Wakati tukisubiri hesabu hiyo, liko lisilohitaji fedha. Barua ya rufaa ya mzee ilitaja figo kwa neno moja tu. Kila barua ya mgonjwa wa namna hii ieleze mambo manne: fistula iko mkono upi, mishipa ipi imeshatumika, potasiamu ya mwisho ni ngapi, na dawa anazomeza. Daktari wa figo aijaze, azungumze na wa moyo kabla ya siku ya kuweka betri. Nanyi ndugu mnaompeleka mgonjwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, isomeni barua hiyo kabla ya kukata tiketi ya treni. Ikiwa pungufu, irudisheni ijazwe.