"Weka export tu": ushauri unaopotosha wanaoanza Linux

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kila anayeanza kuandika skripti akiuliza kwa nini kigeu chake kimepoteza thamani, hakosi fundi wa kumjibu: "Weka export tu." Ushauri huo ni wa kupotosha, na mimi mwenyewe ulinigharimu.

Kuna duka nililoliandikia skripti ya kunakili mafaili kila usiku. Nilipoijaribu, hesabu ya makosa haikupanda. Nikaambiwa niweke export. Nikaweka, na sikuijaribu tena:

export makosa=0
cat orodha.txt | while read -r faili; do
  cp "$faili" /mnt/akiba/ || makosa=$((makosa+1))
done
echo "Makosa: $makosa"

Kila asubuhi ripoti ilisema "Makosa: 0". Kumbe diski ya akiba ilikuwa imejaa, na kwa wiki tatu hakuna kipya kilichonakiliwa. Tuligundua siku kompyuta yao ilipokufa. Haya, jaribu wewe kumweleza mama mwenye duka kwamba rekodi za wadeni wake zimepotea ilhali ripoti yako ilisema sifuri!

Sababu ni hii. Ukitumia bomba, ile alama ya |, Bash huendesha kila upande katika mchakato wake. Kitanzi cha while hupewa nakala ya kigeu, huhesabu vizuri kabisa, kisha hufa na hesabu yake. Export humpelekea mtoto thamani, lakini haimrudishii mzazi chochote. Ndivyo Unix ilivyo.

Kinachochanganya watu zaidi ni kwamba zsh na ksh huendesha kipande cha mwisho cha bomba ndani ya sheli yenyewe. Ukibandika mistari hiyo kwenye terminali ya Mac mpya, ambazo zimekuja na zsh tangu 2019, hesabu inatoka sawa. Ukiipeleka kwenye seva yenye Bash, unapata sifuri. Basi seva inalaumiwa bure.

Dawa ni rahisi. Ondoa cat na bomba lake, kisha funga kitanzi hivi:

done < orodha.txt

Kama orodha inatoka kwa amri nyingine, andika:

done < <(amri)

Bash 4.2 ya mwaka 2011 pia ilileta shopt -s lastpipe. Na kabla ya kumkabidhi mteja skripti, ipitishe kwenye ShellCheck. Maonyo SC2030 na SC2031 yapo kwa ajili ya kosa hili hili.

Najua wapo watakaosema, "Achana na Bash, andika Python." Sawa, lakini hata Python ikizaa mchakato, mtoto hawezi kubadilisha vigeu vya mzazi. Asiyeelewa hilo atahama lugha na tatizo lake mkononi.

Kwa hivyo mafundi wenzangu, kabla ya kujibu "weka export", mwulize mtu kitanzi chake kinaendeshwa katika mchakato gani. Kama nawe hujui, kaa kimya. Kuna duka la mtu linalotegemea jibu lako.

Mnaopinga, uwanja ni wenu hapo chini.