Nyumba Moja, Desturi Mbili

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu wa Kakontwe, tuulizane neno moja: ni wangapi kati yetu ambao babu zao hawakuja hapa kama wageni? Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikatafuta watu wa kazi huko Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Baada ya 1927 ikaanza kuwapa nyumba pamoja na wake na watoto wao, maana ilitaka mtu adumu kazini. Ndivyo Mubemba na Muluba wa Kasai walivyokuwa jirani. Posho waligawiwa sawa, lakini mafundisho ya wazee wao hayakuwa sawa.

Tazameni habari ya kifo. Mubemba ameoa binti wa Kasai, wamezaa, kisha mume akafa. Kilio hakijaisha, wapwa wa marehemu wamefika, wanauliza baiskeli na cherehani. Mjane analia kwamba hao ni wezi. Wapwa wanasema mwanamke huyu anataka kula mali ya mjomba wao. Jirani nao wanachochea moto.

Sisi tunasema, hapo hakuna mwizi. Kwa Babemba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mpwa humrithi mjomba. Kwa Baluba wa Kasai mtoto ni wa baba aliyetoa mahari, na mali humfuata mtoto. Kila mmoja anadai haki aliyofundishwa kwao. Kosa ni kwamba siku ya arusi hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Sheria ipo. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inawaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza. Lakini sheria peke yake haipozi moyo wa mpwa anayerudi mikono mitupu, wala haimwondolei mjane woga.

Msidhani haya ni maneno madogo ya uani. Mwaka 1992 chuki za namna hii ziliokotwa na wanasiasa. Maelfu ya watu wa Kasai walifukuzwa hapa Likasi, wakalala kwenye kituo wakingoja gari la moshi, na watoto wengi wakafa kwa njaa na magonjwa. Wengine walizaliwa papa hapa, wakaambiwa warudi kwao. Je, aliyebaki aliongezwa mshahara?

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya kupokea mahari, wazee wa pande mbili wakae pamoja. Kila upande useme desturi yake mbele ya mashahidi: mali itakuwa ya nani, mjane atalala wapi. Kisha yaandikwe. Makarani tupo, wino upo.

Uhuru hatukuudai ili tumfukuze jirani. Tuliudai ili tukae bila hofu, hata na mtu ambaye wazee wake si wazee wetu.